Kiti kilekile, bei kumi: kwa nini mhami wa vita ndiye analipa zaidi?

Wakaaji wengi wa Beni wanaamini kwamba bei ya tiketi ya ndege inapangwa na yule kijana anayekaa nyuma ya meza ya ajansi. Asubuhi anakutajia bei moja, jioni ingine, kesho yake imepanda tena. Watu wanatoka pale wakisema: huyu ni mwizi. Wakati mwingine ni kweli, na nitalirudia jambo hilo. Lakini mara nyingi bei imepanda yenyewe ndani ya kompyuta, kwa kufuata kanuni zilizotengenezwa mbali na hapa, kwa ajili ya watu ambao maisha yao hayafanani na yetu.

Kanuni hizo zinamsaidia mtu anayejua tarehe ya safari yake. Sisi vita imetunyang'anya tarehe. Ndiyo sababu mama aliyekimbia na watoto, akiwa na pesa za kuchangiwa na ndugu, mara nyingi analipa zaidi kuliko mfanyabiashara aliyeketi karibu naye katika ndege ileile. Maoni yangu ni kwamba jambo hilo si la haki, kwamba linaweza kurekebishwa, na kwamba wakati tunangojea lirekebishwe tunapaswa kujua namna linavyofanya kazi ili tusiliwe mara mbili.

Tuanze na hali yetu. Katika inchi zingine ndege ni ya matajiri na walio na haraka. Kwetu hakuna barabara ambayo mtu wa Kivu anaweza kufuata mpaka Kinshasa. Kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa anga, na kwa ardhi safari hiyo haiwezekani kwa raia wa kawaida. Ndege ndiyo basi letu. Mgonjwa anayetumwa kwenye hospitali kubwa, mwanafunzi, mjane anayefuata pensheni ya marehemu bwana yake, wote wanapanda ndege kwa kukosa njia ingine.

Kisha ikaja mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa baada ya mji kuchukuliwa na M23. Katikati ya Februari kile cha Kavumu, karibu na Bukavu, kikafuata. Mabenki ya miji hiyo yalifungwa pia. Kwa hiyo watu walewale waliohitaji kusafiri haraka ndio waliokosa kiwanja na kukosa mahali pa kutoa pesa yao. Tukumbuke mambo hayo mawili tunapoongea juu ya bei.

Sasa, bei yenyewe inatoka wapi?

Mpaka mwaka 1978, nchini Marekani, serikali ndiyo iliyokuwa ikikubali nauli za ndege za ndani. Mwaka huo sheria ilibadilika na kila shirika likaruhusiwa kupanga bei yake. Mashirika mapya ya bei ya chini yakazaliwa, na yale makubwa yakaogopa kumalizwa. Shirika la American Airlines likapata dawa: mwaka 1985 lilianza kuuza viti vichache kwa bei ya chini sana, kwa masharti makali, na kuweka viti vingine kwa bei ya juu kwa ajili ya watu wa biashara ambao wangelipa tu. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikihesabu kila siku viti vingapi vifunguliwe kwa bei gani. Dawa hiyo ilifaulu sana, na leo karibu mashirika yote makubwa ya dunia yanafanya hivyo.

Ndiyo maana kwenye tiketi yako kuna herufi moja ambayo watu wengi hawaiangalii. Ndani ya ndege tunaona klasi mbili tu: ile ya mbele yenye viti vipana, na ile ya nyuma ambamo tunakaa sisi. Lakini ndani ya kompyuta, klasi ya nyuma imegawanywa tena katika klasi za bei, pengine kumi na zaidi, na kila moja ina herufi yake. Y kwa kawaida ndiyo ya bei kamili. Zingine, kama M, K, L ao Q, kila shirika linazipanga kwa namna yake, kutoka bei ya juu mpaka ya chini. Kiti ni kilekile. Chakula ni kilekile. Kinachotofautiana ni bei na masharti: kama unaweza kubadilisha tarehe, kama unaweza kurudishiwa pesa, mizigo kilo ngapi, na unapoteza kiasi gani usipofika kiwanjani siku ya safari.

Tuchukue mfano, na hesabu hizi ni za kuelewa tu. Tuseme ndege ina viti 100 vya klasi ya nyuma. Shirika linaweka viti 15 kwa dola 150, viti 30 kwa dola 200, viti 30 kwa dola 260, na viti 25 vya mwisho kwa dola 350. Viti vya kwanza vikiisha, mlango wake unafungwa na kila mtu anaangukia bei inayofuata. Kompyuta inaangalia pia kalenda: ikiona ndege inajaa haraka, inafunga milango ya chini mapema zaidi. Ikiona ndege iko wazi, inaweza kufungua tena mlango uliokuwa umefungwa. Kwa hiyo bei inaweza kupanda asubuhi na kushuka jioni bila mtu yeyote kukudanganya.

Ndege zetu ndogo za ndani hazifuati sana herufi. Zile LET 410 na Antonov zinazotua katika viwanja vya udongo zina bei moja ya mtu, kisha bei ya kilo, na ukifika kiwanjani unapimwa wewe pamoja na mfuko wako. Pale anayeumia ni mhami aliyebeba magodoro na sufuria, maana mzigo wake unaweza kukaribia bei ya mtu. Lakini kwa safari ndefu, na hasa kwa zile zinazopitia inchi jirani, herufi ndizo zinaamua.

Tutazame sasa namna kanuni hizo zinavyompata mtu aliyekimbia.

La kwanza ni wakati. Bei ya chini ni ya yule anayenunua wiki tatu ao mwezi mbele. Mhami ananunua kesho kwa kesho. Na hata akitaka kununua mapema, pesa yake haiko mkononi. Mkubwa wa familia aliye Lubumbashi anatuma kidogo kwa simu, shemeji aliye Kampala anaongeza, dada aliye Ulaya anaahidi kwa mwisho wa mwezi. Kila uhamisho unakatwa. Siku pesa inapotimia, mlango wa bei ile waliyochangia umekwisha kufungwa. Familia inaanza tena kuchanga dola 60 zilizopungua, na bei inaendelea kupanda.

La pili ni safari ya kwenda bila kurudi. Mashirika mengi ya safari za nje yanapanga bei yake kwa kufikiri kwamba mtu anaenda na kurudi. Tiketi ya kwenda tu inaweza kupita nusu ya bei ya kwenda na kurudi, na mara zingine inakaribia bei nzima. Mhami hajui atarudi lini. Analipa ile ya kwenda tu. Na angalisho: kuna watu wanaonunua tiketi ya kwenda na kurudi ili watumie sehemu ya pili peke yake. Wasifanye hivyo. Ukikosa sehemu ya kwanza, kompyuta inafuta zote zinazofuata.

La tatu ni wingi wa familia, na hapa watu wengi wanapoteza pesa bila kujua. Mama akiomba viti vitano kwa mara moja, na katika klasi ya bei ya chini vimebaki viwili tu, kompyuta haimpi viwili vya bei ya chini na vitatu vya juu. Inatafuta klasi ambamo wote watano wanaingia pamoja, na wote watano wanalipa bei hiyo ya juu. Ajansi iliyo na roho nzuri itakwambia: tununue viwili kwanza, kisha vitatu. Ile isiyojali itapiga hesabu ya watano na kunyamaza.

La nne ni kubadilisha tarehe. Tiketi ya bei ya chini kwa kawaida haibadilishwi, ama inabadilishwa kwa faini pamoja na tofauti ya bei. Mtu wa Kinshasa ao Nairobi anaweza kukubali hatari hiyo. Lakini kwetu barabara ya kwenda kiwanjani inaweza kufungwa asubuhi na risasi. Mtu anakosa ndege bila kosa lake, na kompyuta inamwandika kama mtu aliyelala usingizi.

La tano ni mzunguko. Tangu Goma ifungwe, mtu wa Goma anayetaka kufika Kinshasa anavuka mpaka, anapanda ndege Kigali ao Entebbe, anapitia Nairobi ao Addis Ababa, ndipo anashuka Ndjili. Wengine wanazunguka kwa barabara za Uganda na kuingia tena kwa Kasindi ili wapande hapa Beni, kwenye kiwanja cha Mavivi. Safari ya ndani ya inchi yake imegeuka kuwa safari ya kimataifa. Kodi za viwanja zinahesabiwa kwa inchi mbili tatu. Kadi ya uchaguzi haitoshi tena, inahitajika pasipoti, na pasipoti nayo ina bei yake. Hata Go-Pass, ile kodi ya viwanja tuliyoanza kulipa mwaka 2009, ilipangwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje: mara tano zaidi. Mwenye kuunda klasi za bei kule Marekani hakufikiria raia anayetoka katika inchi yake ili aingie katika inchi yake.

Najua mashirika yatajibu nini, na jibu lao lina sehemu ya ukweli. Watasema kerosini inafika mashariki kwa bei ghali. Watasema bima ya ndege inayotua karibu na vita si sawa na ya ndege inayotua Dakar. Watasema ndege inatoka hapa imejaa na inarudi nusu tupu, kwa hiyo abiria wa kwenda analipia pia viti vitupu vya kurudi. Na watasema kwamba bila klasi hizi kila mtu angelipa bei ya katikati, na mwanafunzi aliyepata kiti cha dola 150 angekosa.

Nakubali. Siombi klasi za bei zifutwe. Lakini kanuni inayosema “anayechelewa kununua ni kwa sababu ana pesa” inaweza kuwa kweli kwa mtu wa biashara, haiwezi kuwa kweli kwa mtu anayekimbia. Kompyuta haiwezi kutofautisha mkurugenzi mwenye mkutano na mama mwenye mtoto mgonjwa: wote wawili wanaonekana kama watu wa haraka. Kutofautisha ni kazi ya binadamu, na ya serikali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa wenye uwezo wa kuyafanya.

Kwanza, mamlaka ya usafiri wa anga, ile inayoitwa AAC, iamuru kila shirika na kila ajansi kuandika kwenye risiti, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: bei ya kiti, kodi, malipo ya ajansi, herufi ya klasi na masharti yake. Leo mtu anapewa jumla tu. Ndani ya jumla hiyo ndimo wezi wanajificha. Ajansi isiyo ya uaminifu inakuuzia kiti cha klasi ya chini kwa bei ya klasi ya juu, na wewe huwezi kujua kwa sababu hukuonyeshwa kitu.

Pili, kiwanja kikifungwa ao barabara ya kiwanja ikikatwa na vita, tiketi yoyote ibadilishwe tarehe bila faini, hata ya klasi ya chini kabisa. Mashirika makubwa kwa kawaida yanakubali kurudisha pesa yakifuta safari yenyewe. Lakini ndege ikiruka na wewe umezuiliwa njiani na mapigano, hiyo inahesabiwa kosa lako. Hapo ndipo sheria inapaswa kuingia.

Tatu, kwa safari zinazotoka katika miji inayopokea wahami, kila ndege iwekewe viti vichache vya bei ya chini ambavyo havifungwi mpaka siku ya mwisho, kwa wagonjwa waliotumwa na daktari na kwa familia zenye karatasi ya uhami. Viti viwili tu kwa kila ndege havitaua shirika. Inchi yetu ina Air Congo, shirika ambamo serikali ina sehemu kubwa pamoja na Ethiopian Airlines. Kama serikali inataka kuonyesha mfano, ianzie pale ambapo neno lake linasikika.

Wakati tunangojea, ndugu zangu, tujilinde. Nawaandikia hapa yale ambayo wasikilizaji wanatuuliza kila mara kwenye radio.

Usichange pesa kabla ya kuuliza bei inaisha lini. Nafasi iliyowekwa bila kulipiwa ina saa yake ya mwisho, na bei haishiki mpaka tiketi itoke. Muulize ajansi: mpaka saa ngapi? Kisha waambie ndugu saa hiyo, badala ya kuwaambia tu kiasi.

Tofautisha nafasi na tiketi. Ile namba fupi ya herufi na tarakimu sita inaonyesha tu kwamba jina lako limewekwa. Tiketi iliyolipiwa, kwa mashirika makubwa, ina namba ya tarakimu 13, na tatu za kwanza ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Kuna watu waliopewa karatasi nzuri yenye jina lao, wakafika kiwanjani na kuambiwa hawakulipa. Ukikosa kuona tarakimu 13, usiondoke dukani.

Kwa familia, omba ajansi aangalie bei ya mtu mmoja kwanza, kisha wawili, kisha wote. Ukiona tofauti, gawanya ununuzi, lakini kila mtoto akae kwenye karatasi moja na mtu mzima.

Beba karatasi za kuonyesha miaka ya watoto. Mtoto asiyetimiza miaka 2 na asiyekaa kwenye kiti chake, mara nyingi analipa karibu asilimia 10 katika safari za nje. Kati ya miaka 2 na 11 mashirika mengi yanapunguza kiasi fulani. Bila cheti cha kuzaliwa, shirika linaweza kuhesabu mtoto kama mtu mzima, na watoto wengi waliozaliwa kambini hawana cheti. Nendeni kwenye ofisi ya raia mapema.

Jina kwenye tiketi liwe sawasawa na lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Tiketi haiuzwi kwa mtu mwingine wala haiazimwi kwa ndugu. Herufi moja ikikosewa, wakubali kuisahihisha siku hiyohiyo, maana kesho wataiita mabadiliko na kukulipisha.

Ukiunganisha ndege ndogo ya hapa na ndege kubwa ya nje kwa tiketi mbili tofauti, acha siku nzima katikati. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako.

Na dola zako zikaguliwe kabla ya kutoka nyumbani. Sisi tunajua: noti yenye kipasuo kidogo inakataliwa, unaenda kutafuta mbadilishaji, ukirudi bei imepanda.

Yote hayo yanasaidia kupunguza maumivu, lakini hayaondoi ugonjwa. Mtu hawezi kuwa mjanja mpaka ashinde kanuni iliyotengenezwa bila kumfikiria. Tunalipa kodi kwenye kila tiketi. Tuna haki ya kuonyeshwa tunalipia nini, na tuna haki ya kusema kwamba kukimbia risasi hakuwezi kuhesabiwa sawa na kwenda kwenye mkutano. Kila mara ukinunua tiketi, uliza: hii ni klasi gani, na masharti yake ni yapi? Tukiuliza wote, ajansi zitazoea kujibu, na AAC nayo haitaweza kuendelea kunyamaza.